Mwandishi Akishapata Cheo, Mimi Nafunga Kitabu

Nianze kwa ugomvi kabisa ili anayetaka kubishana abishane mapema. Vitabu vya kumbukumbu za maisha, hasa vya wakubwa, vinakufa siku mwandishi anapopewa ofisi. Kabla ya hapo unasoma habari za mtoto anatumwa maji, anachapwa, anaogopa giza, baba hana ada, na wewe upo naye hatua kwa hatua, halafu inakuja barua ya uteuzi na kuanzia ukurasa huo ni vikao mpaka jalada la nyuma. Mkutano wa huku, ujumbe wa kule, nikamwambia balozi, balozi akaniambia. Yule mtoto kapotelea wapi hatuelezwi.

Hii hasira nimeipata masika haya, maana nimesoma riwaya na tawasifu kwa kuchanganya, leo hiki kesho kile, bila mpango wowote. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, korosho, kwa hiyo kuanzia Oktoba mpaka minada iishe sisomi hata gazeti, ni magunia, ni stakabadhi, ni simu za wakulima wanauliza hela inaingia lini utadhani mimi ndo benki. Minada ikiisha, mvua zikakaza, hapo ndo nakuwa mtu. Tabu ni vitabu vyenyewe. Hapa Mtwara mjini ukiingia dukani ukaulizia riwaya unaonyeshwa madaftari, vitabu vya kiada na mitihani iliyopita, na ukibahatika kuna zile riwaya mbili tatu za sekondari ambazo watu walizisoma kwa lazima wakazichukia maisha. Kwa hiyo naagiza Dar, kifurushi kinapanda basi, nakwenda kukisubiri stendi na watu wanaosubiri vipuri vya bodaboda. Vingine vya zamani vipo bure mtandaoni, hivyo nasoma kwenye simu mpaka macho yanauma.

Cha kwanza kilikuwa cha nyumbani, My Life, My Purpose cha mzee Mkapa. Kilitoka Novemba 2019, na Julai 2020 mwenyewe akafariki, yani aliwahi. Mzaliwa wa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Sasa mtu wa Kusini kukisoma kitabu hiki si sawasawa na mtu wa Arusha kukisoma, sisi tuna daraja la Rufiji, lilifunguliwa yeye akiwa rais. Kabla ya 2003 kwenda Dar maana yake ni kuvuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na mvua ikinyesha barabara inageuka uji, watu wanalala njiani, wanakula walichouziwa kwa bei ya muuzaji, watoto wanalia, gari zimezama mpaka kwenye rimu. Ukitaka kumsema Mkapa vibaya mbele ya wazee wa huku jiandae, utajibiwa kwa daraja tu na mjadala umeisha.

Nilikuwa nacho kwenye begi nilipokwenda Masasi kwa mjomba. Mzee huyu Kiswahili anakisoma chote, hata karatasi ya kufungia vitumbua anaisoma kwanza, ila Kiingereza hakimpandi. Akaona ile picha ya jalada akasema mwanangu nisomee. Basi nikakaa naye barazani natafsiri papo kwa papo, vibaya vibaya, naruka maneno nisiyoyajua. Utoto wa Lupaso hakutikisika, kila mara ananikatiza, ehe, hapo hapo, endelea. Ndanda na wamisionari wake, seminari Kigonsera, Pugu, mpaka Makerere alikosoma Kiingereza akamaliza 1962, mjomba macho makavu kabisa, kahawa imepoa. Habari za uhariri wa magazeti bado yumo. Tulipoingia mambo ya nje akaanza miayo. Tulipofika kwenye ubinafsishaji nikasikia mkoromo.

Mimi sikulala pale kwenye ubinafsishaji kwa sababu nina maslahi napo. Huku kwetu miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo, mashine kubwa kubwa, halafu vikaja vikabinafsishwa na vingi vikaishia kuwa maghala. Korosho inaingia humo na ganda lake, inatoka na ganda lake, inakwenda India kubanguliwa. Nimesaini karatasi nyingi sana ndani ya majengo ya namna hiyo. Mzee kwenye kitabu anaitetea sera kwa sehemu kubwa, na sina shida na mtu kutetea kazi yake, ila anaitetea kwa lugha ya waraka. Mimi nilitaka mtu mmoja. Nipe mama mmoja mbanguaji siku geti linafungwa, anatembea kurudi Chikongola au wapi huko na mikono yake imebabuka kwa mafuta ya ganda, halafu ndo unipe hoja zako za uchumi, nitazisikiliza zote.

Ila kuna mahali kitabu kinafufuka, na ni mahali pagumu, mauaji ya Zanzibar ya Januari 2001. Pale hajifichi nyuma ya kamati, anasema ni doa kwenye urais wake. Ukurasa ule nimeurudia. Sauti inabadilika, unamsikia mtu mzima amekaa peke yake na jambo lake. Kingekuwa na kurasa mia za namna ile ningekigawa kitabu bure kwa kila karani wa mkoa huu, lakini haziko mia.

(Halafu nina kijineno. Nakala niliyoipata mimi ni ya Kiingereza, na ndiyo iliyozunguka zaidi. Mtu kazaliwa Lupaso, na mzee wa Masasi mwenye umri wa kukumbuka mambo hayo hayo anasomewa na mpwa wake anayebabaisha. Inauma kidogo.)

Kwa hilo mzee Mwinyi kashinda mapema. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kilitoka 2021, kimezinduliwa siku ya kuzaliwa kwake, Mei 8, na ni Kiswahili, tena Kiswahili cha mtu aliyekuwa mwalimu. Utoto wa Kivure kule Mkuranga, kisha kupelekwa Unguja angali mdogo kutafuta elimu, hizo kurasa nimezila. Na hapa nadharia yangu ikapata msukosuko mzuri. Miaka ya 1970 alikuwa waziri wa mambo ya ndani, Shinyanga watu wakafia mikononi mwa vyombo vya dola, yeye hakumgusa mtu ila akajiuzulu. Sasa kwa hesabu yangu hapo kitabu kilitakiwa kiwe kimekufa zamani, si ana cheo? Kumbe pale ndo kinasomeka. Nikafikiri, nikaona: ni kwa sababu cheo kinatoka. Mtu akivuliwa koti anaanza tena kuona baridi kama sisi. Akirudishiwa koti, akawa rais 1985, basi, tunarudi kwenye shughuli za kitaifa, na mimi ndo nikaanza kuruka kurasa wala sioni haya kusema.

Ndo maana Adam Shafi kanikosha. Mbali na Nyumbani, 2013, ni maisha yake mwenyewe ujanani, kijana wa Unguja kakurupuka kutafuta masomo Ulaya, anakatiza nchi za watu kuelekea Misri, mfukoni hamna kitu, kila mpaka ni kesi mpya. Hana cheo mwanzo, hana cheo katikati. Hajui atalala wapi. Anakula kwa watu anaowajua kwa nusu saa. Nilikisoma usiku mbili tatu hivi nikachelewa kazini na sikujali. Wanaomjua kwa Kuli na Vuta N'kuvute tu watafute na hiki, ni mtu yule yule ila humu hajifichi nyuma ya wahusika.

Sasa nije kwa aliyenitesa kuliko wote. Bibi Salme. Yule binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyetoroka Unguja 1866 na baadaye akaitwa Emily Ruete, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, wakaishi Hamburg, mume akafa 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu kwenye nchi ya barafu. Kumbukumbu zake zilitoka Ujerumani 1886, na ninavyojua mimi kabla yake hakuna mwanamke wa upande wetu huu aliyechapisha habari zake namna hiyo.

Kwa utoto, hakuna anayemfikia. Nasema hakuna. Nyumba ya Mtoni aliyozaliwa, tausi uani, mabafu, watoto wengi mpaka hawajuani vizuri, masuria wa lugha mbalimbali kila mmoja na mapishi yake, nani kakaa karibu na nani wakati wa kula. Wasichana walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana, yeye akajifundisha kwa siri, ananakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Na ule ujuzi wa siri ndo ukaja kumponza, maana 1859 Barghash alipotaka kumpindua kaka yake Majid aliyekuwa sultani, huyu binti wa miaka kumi na tano hivi ndo akawa karani wa njama, anaandika barua. Karani mwenzangu! Nilipofika hapo nilisimama nikazunguka chumba.

Na ona alivyo na akili ya mwandishi, lile jambo ambalo wasomaji wa Ulaya walinunulia kitabu, yani mapenzi na kutoroka, analipitia haraka haraka, anakwambia kwa ufupi kisha anaendelea. Mapishi kayapa nafasi kubwa kuliko mchumba. Nimempenda kwa hilo.

Halafu inakuja sura ya watumwa. Hapo binti wa sultani anaacha kuwa mtoto anayejificha na mfupa wa ngamia, anavaa taji, anaanza kutueleza kwamba Wazungu wanazidisha, kwamba watumwa wa kwao walitunzwa, kwamba mtu mweusi bila kusukumwa hafanyi kazi. Mimi nasomea hayo Mtwara. Tunajua hao watu walitoka wapi. Karafuu za baba yake zilichumwa na watu walioshushwa kutoka bara, Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, wakapita Kilwa Kivinje kwa maelfu kila mwaka, wengine Lindi, wengine hapa Mikindani ambapo leo watalii wanapiga picha. Nani anajua mimi nimetokana na nani aliyeponea msituni. Nikaizima simu. Kesho yake nikaendelea, maana kitabu kizuri ni kizuri hata kikikutukana, na pia nilitaka kuona kama atageuka. Hageuki. Kafiwa, kadhulumiwa urithi, kazungushwa na wakubwa wa Ujerumani waliomleta Unguja 1885 kwa manufaa yao, kaonja mwenyewe kuwa mtu asiye na sauti, na bado ile sura kaiacha vile vile. Hilo ndo linaloniuma kuliko sura yenyewe.

Baada ya Salme nilihitaji mtu wa kuniosha roho, nikampata Halima. Huyu ni mpishi kwenye riwaya ya Petina Gappah, Mzimbabwe, Out of Darkness, Shining Light ya 2019. Ni habari za wale waliombeba Livingstone akiwa maiti. Tukumbushane, safari yake ya mwisho ilianzia huku kwetu, alishuka Mikindani 1866 (ndiyo, mwaka ule ule Salme anatoroka Unguja) akaifuata Ruvuma kuingia bara. Akafa 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo, na watu wake wakautoa moyo wakauzika pale, mwili wakaukausha, wakaubeba miezi mingi mpaka Bagamoyo. Mikindani kuna nyumba yenye kibao cha Livingstone. Kibao cha waliombeba sijakiona, na wawili kati yao, Chuma na Jacob Wainwright, ni Wayao, watu ambao ukienda Masasi na Tunduru unakutana na jamaa zao kila kona.

Halima yupo kweli kwenye historia, ila kwa majina ya chinichini tu, mpishi, mke wa fulani. Gappah kampa mdomo. Na mdomo anao! Anamsema kila mtu, anajua nani anamtaka nani, anajua chumvi imebaki kiasi gani, anamshangaa huyu Bwana Daudi, yani Livingstone, anayezunguka nchi nzima kutafuta mto unapoanzia, mtu mzima na akili zake, mto si upo tu. Nilicheka peke yangu kwenye bajaji mpaka dereva akageuka.

Kisha mwandishi anamnyang'anya kipaza sauti anampa Jacob Wainwright. Jacob kasomeshwa na wamisionari India, anajua Kiingereza cha Biblia, anaandika shajara, anajiona kateuliwa na Mungu. Na kitabu kinapooza. Najua, najua, ni makusudi, Gappah anatuonyesha elimu ilivyomgeuza mtu akawatazama wenzake kutoka juu, na kimantiki ni kweli kwamba Jacob ndiye historia iliyompa nafasi, alipelekwa mpaka London na akalishika jeneza Westminster Abbey 1874, Halima hakuna aliyemuita. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na kufurahia ni kingine. Nilimsoma Jacob huku natega sikio jikoni. Anapewa sehemu kubwa mno, na Halima anaporudi mwishoni anarudi kwa kurasa chache. Rafiki yangu muuguzi niliyemwazima akasema mimi nimekosea kabisa, kwamba bila Jacob kuchosha tusingejua uzito wa Halima kunyamazishwa. Inawezekana. Yeye ana subira, anakesha wodini.

Huyo huyo muuguzi ndo aliyenipa changamoto kubwa kuhusu hii nadharia yangu. Akaniambia wewe unataka kila mtu abaki mtoto au mpishi, sasa nani atatusimulia madaraka? Si lazima aliyekuwa ofisini atuambie kilichotokea ofisini? Nikamwambia atuambie, ila atuambie kama binadamu aliyekuwa ofisini. Ofisi yenyewe haina habari. Hakuridhika, na kiukweli jibu langu lilikuwa jepesi.

Ila nikapata ushahidi mwingine wa kumpelekea. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika kumbukumbu zake za vita ya kwanza ya dunia, zilitoka 1920, na tafsiri ya Kiingereza ipo bure. Nilizitafuta kwa sababu nusu ya mwisho ni vijiji vyetu. Mahiwa pale karibu na Nyangao, Oktoba 1917, pigano la siku nne, maelfu ya waliouawa na kujeruhiwa. Kisha Ndanda, Chiwata, Newala, mpaka anavuka Ruvuma Novemba na Wazungu kama 300 na askari kama 1,700. Unasoma majina ya vituo vyako vya basi kwenye kitabu cha jenerali, mwili unasisimka, halafu unagundua kwamba kwenye hivyo vituo hakuna mtu. Kuna kilima, kuna maji au hakuna maji, kuna adui ubavu wa kushoto. Chakula kimepatikana. Kimepatikana kwa nani? Kilimwa na nani, na huyo aliyekilima alikula nini mwaka ule? Bibi zetu walikuwa na majina ya njaa za miaka ile, jenerali yeye anasema kikosi kilipata nafaka za kutosha.

Weka hapo Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, 2020. Vita ile ile, ila tunaiona kupitia Hamza, askari wa chini kabisa, hajui vita inakwenda wapi, ofisa mmoja kamchukua awe mtumishi wake anamfundisha Kijerumani kama mchezo, na sababu ya upole wa huyo ofisa huipati sawasawa mpaka mwisho, unabaki na wasiwasi. Hamza anaumizwa na Mjerumani mwenzake wa kikosi, siyo na adui. Kisha, hapa ndo Gurnah ananimaliza, vita inakwisha mapema kwenye kitabu na sehemu kubwa inayobaki ni maisha: kutafuta kazi, kulala stoo, kuchonga fanicha kwa tajiri mwenye gubu, kumtazama msichana kwa kuibia. Kuna Khalifa pale, karani, mlalamishi, mpenda umbea, roho nzuri anaificha chini ya kelele. Sisemi nani kanikumbusha. Nyumbani wamesema.

Peponi, yani Paradise ya Gurnah huyo huyo, nilishaisoma kabla, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022 iliyotolewa na Mkuki na Nyota, nikairudia kwa sababu ya Yusuf na Khalil dukani. Watoto wawili wamewekwa rehani kwa madeni ya baba zao, wanauza sukari na mafuta ya taa, wanalala barazani, na mmoja anamfundisha mwenziwe kwa makelele namna ya kuishi na hali hiyo. Khalil kwa Kiswahili ni mtamu kuliko kwa Kiingereza, unamsikia kabisa, utadhani yupo sokoni hapa. Ile safari ya bara ni nzuri ila ndefu, kusema kweli mimi nilikuwa nawaza duka.

Mwisho nikamaliza na Kilwa, The Magic of Saida ya M.G. Vassanji, 2012. Daktari anaitwa Kamal, mama Mswahili baba Mhindi aliyetokomea, anarudi kutoka Canada uzeeni kumtafuta Saida, msichana wa utotoni Kilwa. Kabla sijakisoma nilishakipenda, maana nani mwingine kaipa Kilwa riwaya nzima? Na utoto ule, jamani. Mama anayehangaika, mzee mshairi babu yake Saida anayetunga tenzi na kubeba siri ya zama za Wajerumani, mwembe waliponyongewa watu, Makunganya aliyepambana na Wajerumani na kunyongwa kwake 1895 vinaongelewa kama habari za juzi, na Kilwa ndivyo ilivyo, ukikaa na wazee wanakuonyesha mti. Siku mama anampeleka mtoto Dar kwa ndugu wa baba akawe Mhindi, nilifunga kitabu nikatoka nje nikazuga kumwagilia mchicha na mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Lakini Kamal mtu mzima, dokta, mwenye nyumba nzuri na majuto, huyo hakunikaa. Anauliza Kilwa nzima yuko wapi Saida wangu kana kwamba Saida kazi yake miaka yote hiyo ilikuwa kusubiri. Uchawi wa mwishoni nao umewekwa kwa jicho la mgeni, tumetiwa giza zaidi ya tulilonalo. Wapo watakaosema ndo maana yake, kwamba Kamal keshakuwa mgeni. Hiyo hoja nimeshaisikia kwa Jacob, sasa naona kila nisichokipenda kuna mtu ataniambia ni makusudi.

Na mtu wa kutuandikia Nachingwea simwoni. Mwingereza alikuja 1947 kulima karanga, akajenga reli, akajenga na bandari hii ya Mtwara kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota, 1951 kafunga virago, na ripoti za mahesabu zipo, lakini riwaya ya dereva wa trekta, au ya mama aliyekuwa anawapikia, mimi sijawahi kukutana nayo. Mwenye nayo anitumie kwa basi lolote, nauli ya kifurushi nalipa mimi.

Kwa sasa niko katikati ya Theft, ile mpya ya Gurnah ya 2025. Kuna Badar, kijana wa kazi za ndani Dar, na kuna Karim, mwanafunzi hodari ambaye kila mtu anamsifia. Karim ameshaanza kupanda na mimi nimeshaanza kumchukia. Muuguzi kaimaliza, kila nikimuona anatabasamu tu. Msiniambie mwisho.